Fundi Aliyenunua Mwendo kwa Kete

Mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa, alikuwa fundi wa magodoro, na mtaa mzima ulimwita Chukua. Jina lake la kuzaliwa alilitumia mama yetu peke yake, tena siku za hasira tu. Hili la Chukua lilimkaa kwa sababu ya sataranji. Akiketi kucheza, kabla chai haijapoa ameshasukuma askari wake mmoja mpaka mdomoni mwa adui na kusema kwa upole, "Chukua." Ukimla huyo, anakusogezea farasi. "Chukua na huyu." Wewe unadhani umekutana na mjinga. Unakula, unashiba, unajifuta midomo, halafu unainua macho na kumkuta mfalme wako kasimama peke yake kama mtu aliyetoka bafuni nyumba inaungua, na wale watu wachache waliombakia Chukua wako mlangoni wanabisha hodi.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawagawa watu wake kama njugu.

"Dada," akasema, "wewe ukila, umesimama. Mkono uko mdomoni. Mimi wakati huo natembea. Ukimaliza kutafuna nimeshafika kwako, na tangu hapo kazi yako ni kujibu ninachouliza. Kete ni vijiti tu. Mimi nauza kete, nanunua mwendo."

Nikamwambia mwendo hauliwi. Akacheka, akarudi kwenye pamba zake.

Chumba chake cha kwanza cha kazi kilikuwa uchochoroni, nyuma ya duka la misumari. Ukifungua mlango hukujua kama umeingia chumbani au umepanda mawinguni. Sufi iliruka kila mahali, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye maganda ya mti, ikatua kwenye nyusi, kwenye kikombe, kwenye maneno. Mtu akianza kusema jambo humo, mwisho wa sentensi ulifika umevaa manyoya. Paka wa jirani aliingia kufuata panya akazama. Tulimsahau. Msimu uliofuata akatokea nyumbani kwa mwalimu mmoja, kupitia mshono wa godoro jipya, amenona, na yule panya amemkalia mgongoni wakipiga soga. Asiyeamini asiamini, lakini mwalimu mwenyewe alimpa paka maziwa, na panya pia.

Kazi aliijua. Kwanza unaipiga sufi kwa fimbo mbili mpaka iache kushikana. Halafu unajaza ule mfuko wa kitambaa cha mistari kuanzia pembeni, maana godoro lililojazwa kuanzia katikati hulala kama mtu mwenye kitambi. Mwisho unashika sindano ndefu, unatoboa juu, unaitokeza chini, unafunga kifundo, ili kilichomo ndani kisihamehame. Mtu akilalia godoro la Chukua haoti ndoto zake. Anaota ndoto za sufi. Anaota amening'inia kwenye tawi, jua linampasua pole pole bila maumivu, halafu upepo unakuja kumchukua. Kulikuwa na karani aliyelala juu ya godoro hilo siku ya mapumziko, akaamka na ndevu mpaka kifuani. Alipofika kazini akakuta kiti chake kimekaliwa na mwanawe, mwenye mvi.

Mke wa Chukua, wifi yangu, alikuwa fundi cherehani. Mifuko ya mistari aliishona yeye. Mume akipiga sufi chumba hiki, mke anakanyaga cherehani chumba cha pili, na ukipita nje mchana ungedhani nyumba nzima inapumua: pu, pu, halafu trrr, halafu pu tena. Wifi yangu alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Baba yake, dereva wa treni aliyestaafu, alimfundisha sataranji tangu hajafikia meza, ikabidi amkalishe juu ya sanduku. Lakini na mumewe hakucheza hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini.

"Wifi," akasema, akikata uzi kwa meno, "ndugu yako anacheza kama mtu anayehama nyumba. Mimi mtu akihama sipendi kuwa ndani."

Nilidhani ni utani. Kumbe alikuwa anaona mbali.

Chukua, unajua, hakuuona ukuta kati ya ubao wa sataranji na nyumba yake. Alianza na saa ya ukutani. Ilikuwa nzuri, yenye sauti kama ya mtu anayekohoa kwa adabu. Akampa mwenye mkokoteni, ili magodoro yake yapakiwe kabla ya ya mafundi wengine. Na kweli yakapakiwa. Wateja wakaanza kusema kwa Chukua hakuna njoo kesho. Halafu kitanda. Kitanda cha chuma chenye vifundo vya shaba miguuni, akampelekea msimamizi wa nyumba ya wageni, na msimamizi akafurahi mpaka akaagiza magodoro ya vyumba vyote. Mdogo wangu na mkewe wakawa wanalala chini.

"Angalia tulikofika," Chukua akamwambia mkewe, amelala chali, sufi ikimtua puani. "Kitanda kimoja kimetuletea jengo zima."

"Naangalia," mke akasema. "Kutoka huku chini naona vizuri sana."

Mume akacheka. Alidhani amesifiwa.

Sasa mwisho wa barabara kulikuwa na chumba cha kona. Dirisha moja linatazama soko, dirisha la pili linatazama stendi ya mabasi. Chukua alikiota chumba hicho kama wengine wanavyoota kwenda kusikojulikana. Alisema fundi akiketi pale hatafuti wateja, wanamwangukia kama mvua. Mama mwenye chumba hakutaka kukipangisha kwa mtu yeyote, ila alikuwa na binti anayejifunza kushona, na binti hana cha kushonea. Mnaona hadithi inakokwenda.

Siku hiyo wifi yangu alikwenda kupeleka mifuko kwa mteja. Mimi nilikuwa pale, nimekaa kwenye rundo la sufi, nusu nimelala. Aliporudi akasimama katikati ya chumba chake. Sakafuni kulikuwa na alama za miguu ya cherehani, nyeupe, safi, kama nyayo za mnyama aliyeondoka bila kuaga.

"Iko wapi?" akauliza.

"Tumepata kona," Chukua akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mke wangu, madirisha mawili. Tutaweka mlango wa..."

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeitoa. Lakini sikiliza. Tukishakaa pale, baada ya muda mfupi tu tutapata nyingine, mpya, yenye..."

"Umeitoa."

"Kidogo kitoke, kikubwa kiingie. Ndivyo mambo yanavyokwenda mbele."

Wifi yangu akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, mbele ya hewa tupu. Mguu wake ukaanza kukanyaga wenyewe, juu chini, juu chini, na naapa nilisikia trrr kwa mbali, kama cherehani ilikuwa inamjibu kutoka huko ilikopelekwa. Halafu mguu ukasimama. Hakupiga kelele. Angepiga, tungejua la kufanya. Alikunja nguo zake, akazifunga kwenye kitambaa cha mistari kilichobaki, akaja mlangoni.

"Nakwenda kwa baba," akasema. "Na usinifuate na huo mwendo wako."

Chukua akahamia kona peke yake. Madirisha yote mawili yakafunguliwa, watu wa soko wakachungulia huku, watu wa stendi wakachungulia kule, na fundi kakaa katikati hana wa kumshonea mifuko. Alijaribu kuishona mwenyewe. Ilitoka kama suruali. Na magodoro yakaharibika tabia. Mteja mmoja alilirudisha la kwake, akasema linaguna. Mwingine akasema akilala anaota yuko kwenye foleni, na akifika mbele anaambiwa arudi nyuma. Mdogo wangu hakubisha. Alilipokea godoro, akalilalia mwenyewe, akatazama dari.

Nilimwendea asubuhi moja nikamkuta amekonda, sufi imemwota kidevuni.

"Dada," akasema, "mimi nataka kitu kimoja tu. Mke wangu arudi. Kona nimeipata, na nimekaa humu kama mbegu kwenye kopo."

"Basi nawa uso," nikasema. "Twende."

Baba mkwe alikaa kando ya reli ya zamani, ile isiyopita treni tena, imeota nyasi katikati. Mzee huyo hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Nyumba yake ilijaa taa za ishara, vibao vya stesheni, bendera nyekundu na kijani, vifungo vya makoti ya kazi, na filimbi ambazo upepo ukipita zilipiga zenyewe, kwa hiyo majirani waliishi miaka yote wakidhani treni inakaribia. Wanasema siku aliyostaafu alijaribu kuondoka na behewa moja, akaliita mkoba wake.

Kete zake za sataranji alizichonga mwenyewe kutoka kwenye mbao za reli, zile zinazolala chini ya vyuma. Zilikuwa nzito, zinanuka mafuta. Zamani farasi mmoja aliliwa, akawekwa chini, akafagiliwa na ufagio na kutupwa na taka. Mzee alilia kama amefiwa. Mahali pa farasi huyo akaweka nati kubwa ya reli, na tangu hapo nyumba ile ikawa na sheria yake. Kete ukiila huiweki chini wala mezani. Unaiweka mapajani, inakaa hapo mpaka mchezo uishe. Ikikudondoka, unapoteza zamu.

"Karibu, mkwe," mzee akasema. "Umekuja na dada mtu. Kumbe mazito. Kaeni. Hapa kwangu maneno huja baada ya mchezo."

Chukua akakaa. Nilimwona macho yanaamka, maana mbele ya ubao alikuwa nyumbani kwake. Akasukuma askari. "Chukua, baba." Mzee, ambaye hakuwahi kukiacha kitu kipite, akachukua. Akampa farasi, mzee akachukua. Akampa ngome, mzee akachukua kwa mikono miwili. Mapaja yake yakajaa kama sinia la sherehe. Akataka kunyoosha mguu, hathubutu. Akataka kujikuna, hathubutu. Jua la mchana likaingia dirishani likakaa na sisi, filimbi zikalia taratibu, na mzee akawa anatabasamu na utajiri wake mapajani huku mfalme wake anafukuzwa chumba hadi chumba. Akashindwa bado anatabasamu.

Wifi yangu alipita na chai. Akaweka vikombe, akaondoka. Hakutazama ubao, hakumtazama mume.

Tukarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Chukua alimshinda mzee kwa kila namna. Alimshinda akiwa amebakiwa na watu wasiotosha kubeba jeneza. Kila akishinda aligeuza shingo kuelekea mlango wa ndani, kama mtu aliyebisha hodi anasubiri hatua. Mlango ulikaa kimya. Mwisho mimi ndiye niliyechoka.

"Mzee," nikasema, "kijana kashinda. Mwite binti basi wazungumze."

Mzee alikuwa anazihamisha kete kutoka mapajani moja moja, akizipangusa. "Amenishinda mimi," akasema. "Mimi kitanda changu ninacho."

Chukua akainamisha kichwa. Nikasikia sufi ikimwanguka kutoka kwenye nywele, kimya kilikuwa kikubwa kiasi hicho.

Hapo ndipo mlango wa ndani ulipofunguka. Wifi yangu akatoka, mikono imelowa, akaifuta kwenye kanga aliyojifunga kiunoni.

"Baba, nipishe hapo," akasema.

"Bado nina vitu mapajani, mwanangu."

"Nipe."

Akazipokea, akazipanga ubaoni, zake na za mumewe, haraka kama mtu anayepanga vyombo vyake mwenyewe. Kisha akakaa. Tangu waoane ndiyo mara ya kwanza wanatazamana juu ya ubao.

"Tucheze," akamwambia. "Ukinishinda, narudi leo hii, na cherehani sitaitaja tena mpaka kufa. Nikikushinda, mimi ndiye nitakayesema naishi wapi na nani. Nikisema hapa kwa baba, utanyanyuka uende, na hutarudi kesho na hilo shati la pasi."

Chukua akavuta kiti karibu. "Sawa," akasema.

"Wewe anza."

Akaanza. Na kama kawaida, chai haijapoa, akasukuma askari mmoja peke yake mpaka mbele ya farasi wa mkewe. "Chukua," akasema, kwa sauti ya mapenzi.

Wifi yangu akamtazama yule askari, akasogeza kete nyingine kabisa, upande wa pili.

"Hujamwona?" Chukua akauliza.

"Nimemwona."

"Ni wa bure."

"Vya bure vyako navijua. Cheza."

Akamsogezea farasi. Mke akamwacha farasi kasimama. Akamsogezea yule anayekwenda mshazari. Mke akampita kama jirani mnayenuniana. Mzee, kando yangu, alikuwa anateseka. Mikono yake ilikuwa inafunguka na kufumba. "Mwanangu, chukua hata mmoja," akanong'ona. "Mmoja tu, nikushikie."

"Baba, tulia kwenye kiti."

Mimi nilimtazama mdogo wangu, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Hakujua la kufanya. Mtu wa kutoa, akikosa wa kupokea, anabaki na mikono iliyonyooshwa mbele. Mwendo aliokuwa akiununua siku zote, leo duka limefungwa. Watu wake wote wakawa hai, wamesongamana, wanakanyagana vidole.

"Nikuulize," wifi yangu akasema, macho yako ubaoni. "Ile saa ilikuwa ya nani?"

"Yetu," Chukua akasema.

"Ya shangazi yangu. Alinipa nilipoolewa. Kitanda?"

"Kilikuwa cha... mama yako alikileta."

"Cherehani?"

Chukua akainamia ubao.

"Mimi sina ugomvi na mtu anayetoa," akasema. "Ukitoa farasi hapa, ni farasi wako, unaumia wewe, na ukikosea unafungwa wewe. Huo ni mchezo. Lakini nyumbani, mume wangu, ulikuwa unatoa kete zangu, unatembea wewe."

Filimbi moja ikalia ukutani, ikaacha. Mchana ulikuwa umesimama hapo hapo, mzito na wa dhahabu, na nadhani hata nyasi za kwenye reli zilikuwa zinasikiliza. Chukua aliutazama ubao kwa muda mrefu sana. Alipocheza, alirudisha farasi nyuma. Halafu akarudisha na mwingine. Akamweka mfalme karibu na pembe, akamjengea ukuta wa askari, akaita ngome isimame ubavuni. Sikuwahi kumwona akijifungia mlango namna ile. Nikajua maneno yamemwingia, ila yalimwingia kwa upande wa hofu.

Ndipo wifi yangu alipoanza kutoa.

Askari kwanza. Hakusema neno, alimsogeza tu. Chukua akamla, akamweka pajani, akashangaa. Baadaye ngome nzima. Chukua akaila pia. Aliniambia siku nyingine kwamba hakujua kula kuna raha ya namna hiyo. Ule uzito wa mti mapajani, ile harufu ya mafuta, vilimlegeza kama godoro. Alisema alijiona yuko ndani ya treni isiyofika, anapita stesheni zenye taa, na kila stesheni anapewa kitu mkononi, na hakuna anayemwambia ashuke. Huku nje ya dirisha mkewe anatembea kwa miguu, na bado yuko mbele ya treni.

Ile nati ya reli, yule farasi wa chuma, ikaruka ikatua karibu. Mfalme akatishwa. Akasogea pembeni kabisa, kwenye pembe, ukutani.

"Dereva, punguza," mzee akasema taratibu. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Wifi yangu akamshika malkia wake. Akamnyanyua juu kidogo, kama mtu anayepima uzito wa mtoto, akaenda kumweka ubavuni mwa mfalme, mguu kwa mguu. Mzee akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Mfalme hakuweza kumla, maana farasi wa chuma alikuwa anamlinda. Hakuweza kukimbia. Alikuwepo mmoja tu wa kumla malkia, ile ngome ya ubavuni, na hapakuwa na njia nyingine duniani ila kula.

"Sitaki kumla," Chukua akasema.

"Huna hiari."

Akala. Malkia akaenda mapajani na wengine. Na ngome ilipokaa mahali pa malkia, ikawa imeziba tundu la mwisho. Mfalme kakaa pembeni, mbele yake askari wake, kando yake ngome yake, hana hata pa kuweka unyayo. Farasi wa chuma akaruka mara moja. Ikawa imekwisha.

Mzee aliinama, akazunguka ubao, akatazama kutoka kila upande kama anakagua injini.

"Amebanwa na watu wake mwenyewe," akasema. "Wote wazima."

Chukua alitaka kusimama, akakumbuka mapaja, akakaa. Alikuwa amelishika rundo lile kwa mikono miwili, malkia juu. Akamtazama mkewe.

"Basi unabaki," akasema.

"Nimesema hivyo?"

"Umenishinda."

"Nimekushinda, kwa hiyo nitasema mimi. Wewe kaa na hivyo ulivyokula, unijue kidogo."

Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua sanduku, akifunga. Mdogo wangu alikuwa ametulia kama picha, jasho linamtiririka, na nadhani wakati ule, kama mkewe angechelewa, angeota mizizi kwenye kiti kile. Mimi sikumsaidia. Mtu akiwa anaelewa jambo, usimguse.

Wifi yangu akatokea na nguo zake ndani ya kile kitambaa cha mistari.

"Unakwenda naye?" baba yake akauliza.

"Yeye ndiye anayekwenda na mimi, baba. Si kitu kimoja."

Akampokea mumewe kete moja moja, akamrudishia mzee, na mzee akazihesabu kimoyomoyo midomo ikicheza. Tukatoka. Tulifuata reli ya zamani, wifi yangu mbele, Chukua nyuma yake amebeba nguo, mimi mkiani nikijifanya sisikilizi. Jua lilikuwa limelegea, na vivuli vyetu vilikuwa virefu kiasi kwamba cha wifi yangu kilifika mjini kabla yetu, watu wakaanza kukiamkia.

Kwenye njia panda akasimama. Kushoto ni barabara ya soko na chumba cha kona. Kulia ni kwenye vichochoro, nyuma ya duka la misumari. Mchoraji alikuwa anapaka rangi lango la mtu pale, na wifi yangu alifikiri kwa muda mrefu mpaka lango likakauka, mwenye lango akalifungua, akatoka na watoto wa watoto wake. Chukua hakutangulia. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa kutaka kutangulia, akaukanyaga kwa wa kushoto.

"Tunakwenda kwa mama mwenye chumba," wifi yangu akasema mwisho. "Utabisha hodi wewe. Utamwambia unaomba cherehani ya mke wako, na kwamba kona unamrudishia."

"Kona?"

"Kona."

"Tutarudi uchochoroni? Hakuna dirisha kule. Mke wangu, hebu fikiria kitu kingine. Nina fimbo zangu, nina sindano ndefu, nina sufi ya mwaka mzima. Omba chochote. Kona ni yangu. Nimeiota tangu kijana. Katika vyote, kile ndicho changu."

"Ndiyo maana nakiomba."

Alisimama. Basi moja likapita, likatuachia vumbi, vumbi likatua. Nilimwona anaangalia kushoto, kule ambako dirisha moja la chumba chake lilikuwa limeshika jua na kuwaka lote. Aliliangalia kama mtu anavyoangalia meli inayoondoka na godoro lake. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaushika kwa ngumi. Ngumi haikufunguka haraka. Wifi yangu hakuinyooshea mkono. Alisubiri tu, na sura yake haikusema atafanya nini ngumi isipofunguka, na mdogo wangu aliisoma sura hiyo kuliko alivyowahi kusoma ubao wowote.

Akamwekea ufunguo kiganjani.

"Na kama tukirudi kule," akauliza, sauti imekuwa ndogo, "halafu twende wapi?"

Hilo swali, katika maisha yake yote, hakuwahi kumwuliza mtu.

"Sijui," wifi yangu akasema. "Nitafikiri tukiwa njiani." Akaanza kutembea, si haraka, si polepole, mwendo wa mtu anayejua viatu vyake vimekaa sawa. Chukua akamfuata karibu sana, nguo zimembana kifuani, anatazama kisogo cha mkewe kama wengine wanavyotazama taa.

"Acha nafasi kidogo," wifi yangu akamwambia bila kugeuka. "Unanikanyaga kisigino."